Risasi ya Nusu Yuniti ya Umeme: Kwa Nini Leza Bado Haijastaafisha Kombora

Swali la msomaji: "Nasoma kwamba meli za kivita za Marekani na Uingereza zinafungwa silaha za leza, na kwamba kila 'risasi' inagharimu chini ya dola moja. Kama ni kweli, mbona kwenye Bahari ya Shamu walikuwa wanaangusha droni za bei chee kwa makombora ya dola milioni mbili? Pili, mtu akiifanya droni yake ing'ae kama kioo, si mchezo umekwisha? Tatu, kwenye kundi letu la WhatsApp inazunguka picha ya mwale ukishuka kutoka angani, eti ndio uliochoma mji wa Lahaina kule Hawaii mwaka 2023. Inawezekana?"

Jibu:

Tuanze na bei, kwa sababu ni ya kweli na ndiyo inayopotosha. Leza ya kilowati 100 ikiwaka kwa sekunde 5 inatoa mwanga wenye nishati ya kilojouli 500. Leza za kisasa hugeuza kuwa mwanga kama theluthi moja tu ya umeme zinaoula, kwa hiyo jenereta imetoa kilojouli 1,500. Yuniti moja ya umeme ni kilojouli 3,600. Risasi yako basi imekula yuniti 0.42, sawa na kupiga pasi ya wati 1,000 kwa dakika 25. Waingereza wanataja pauni 10 kwa kila shabaha ya leza yao ya DragonFire, nayo bado ni bei ya karanga ukilinganisha na kombora.

Lakini nishati haijawahi kuwa tabu ya silaha hizi. Tabu ni kuifikisha yote mahali padogo palepale, kisha kuishikilia hapo sekunde zinazotosha. Karibu kila kilichowashinda wahandisi tangu 1960 kimo ndani ya sentensi hiyo.

Hesabu yenyewe ilifanywa vizuri kabla hata leza haijazaliwa. Miaka ya 1920 na 1930 Wizara ya Anga ya Uingereza ilichoshwa na watu waliodai wamebuni "mwale wa kifo". Harry Grindell Matthews alijaza magazeti mwaka 1924, ila alipotakiwa aoneshe mbele ya wataalamu kwa masharti ya serikali, alikataa. Mwaka 1934 Nikola Tesla, akiwa na miaka 78, alitangaza wa kwake kule New York. Wizara iliahidi pauni 1,000 kwa yeyote atakayeua kondoo kwa mwale kutoka yadi 100. Kondoo wote walinusurika.

Mwanzoni mwa 1935 swali lilimfikia Robert Watson-Watt, mtaalamu wa redio, naye akamtupia msaidizi wake Arnold Wilkins bila kumwambia la nini: inahitajika nguvu gani ya redio kupasha painti 8 za maji kutoka nyuzi 98 hadi 105 za Farenhaiti, yakiwa umbali wa kilomita 5 na kimo cha kilomita 1? Wilkins alishtuka mara moja kwamba hayo "maji" ni damu ya rubani. Painti 8 ni lita 4 na nusu, na joto linapanda kwa nyuzi karibu 4 za Selsiasi. Ni kilojouli 75 hivi, kazi ya birika la umeme la wati 2,000 kwa sekunde zisizofika 40. Kidogo sana! Ila mawimbi ya redio ya wakati ule yalikuwa na urefu wa makumi ya mita, na wimbi la aina hiyo halikusanyiki likaingia kwenye kiwiliwili cha mtu. Humwagika angani kama maji yaliyorushwa kwa ndoo. Wilkins akajibu kuwa haiwezekani, kisha akaongeza kwamba mawimbi hayohayo yakigonga ndege yatarudi kwa kiasi kinachopimika. Tarehe 26 Februari 1935, karibu na Daventry, walitumia mtambo wa mawimbi mafupi wa BBC kuigundua ndege ya Heyford ikiwa umbali wa kilomita 13 hivi. Mwale wa kifo ukazaa rada.

Watu hupenda kuanza hadithi hii na Archimedes, Mgiriki wa kale anayedaiwa kuchoma meli za Warumi kwa vioo kule Sirakuza. Polybius, mwandishi aliyeishi karibu zaidi na vita vile, anaeleza mitambo yake bila kutaja kioo hata kimoja. Vioo vinaingia kwenye maandishi karne nyingi baadaye. Fizikia nayo inasaidia kuelewa. Jua tunavyoliona lina upana wa nusu digrii, kwa hiyo mwanga unaorudi kutoka kioo bapa tayari unatanuka. Kwenye mita 50, hata kioo cha ukubwa wa kiganja kinatupa doa la karibu nusu mita. Unachoweza kufanya ni kuongeza vioo tu. Mwaka 2005 wanafunzi wa chuo cha MIT cha Marekani walitumia vioo 127 vya futi moja kwa moja, wakafanikiwa kuwasha moto ubavu wa mfano wa meli uliosimama tuli umbali wa mita 30, mbingu ikiwa safi. Meli ya adui haikusubirii hivyo.

Leza ya kwanza, ile ya rubi ya Theodore Maiman, iliwaka Mei 1960 huko Malibu, na magazeti yakaanza mara moja kuandika "mwale wa kifo". Tofauti yake na jua ni kwamba mawimbi yake yote yanakwenda kwa hatua moja, kama askari wa gwaride, hivyo yanaweza kukusanywa hadi mpaka uliowekwa na maumbile yenyewe ya mwanga. Mpaka huo una kanuni moja fupi: kipenyo cha doa ni 2.44 mara urefu wa wimbi, mara umbali, gawanya kwa kipenyo cha kioo kinachorusha. Ishike kanuni hiyo, maana historia nzima ya silaha hizi ni historia ya kuufupisha urefu wa wimbi.

Miaka ya 1960 na 1970 nguvu kubwa ilipatikana kwenye leza za gesi ya kabonidioksidi, wimbi la maikroni 10.6 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Weka kioo cha sentimita 30 na shabaha ya kilomita 5: doa ni sentimita 43. Hilo ni sinia la pilau, halichomi kitu haraka. Hata hivyo Marekani iliipandisha kwenye ndege ya NKC-135, na mwaka 1983 ikaharibu makombora matano ya Sidewinder yakiwa angani. Baadaye zikaja leza za kemikali za deuteriamu na florini, maikroni 3.8. MIRACL, ya uwanja wa majaribio wa White Sands kule Marekani, ilifikia megawati, na THEL, ya Marekani na Israeli, ilidungua roketi za Katyusha mwaka 2000. Zilifanya kazi, ila zilikuwa viwanda: matangi ya kemikali, pampu, na moshi wenye sumu unaotoka nyuma. Hakuna kamanda anayetaka kiwanda cha florini katikati ya kambi yake.

Kilele cha ukoo huo kilikuwa YAL-1, ndege ya Boeing 747 yenye leza ya oksijeni na ayodini, maikroni 1.315, na kioo cha mita 1.5 puani. Februari 2010 iliharibu kombora la balistiki lililokuwa likipanda juu ya pwani ya California. Desemba 2011 mradi ukafungwa, na mwaka 2014 ndege ikakatwa chuma chakavu. Kwa nini? Rudi kwenye kanuni. Kwenye kilomita 400 doa lake dogo kabisa, bila kuhesabu hewa, ni sentimita 85 hivi. Sambaza megawati moja humo: unapata wati 175 tu kwa kila sentimita ya mraba. Ili kuchoma haraka, ndege ingelazimika kusogea karibu, na ukisogea na 747 iliyojaa klorini hadi kwenye anga ya adui, wewe ndiye shabaha.

Kuhusu "Vita vya Nyota", mpango wa Marekani wa kujikinga na makombora ya nyuklia, uliotangazwa na Rais Reagan tarehe 23 Machi 1983, nitapita haraka. Kulikuwa na wazo la leza ya mionzi ya eksirei inayopata nguvu kutoka bomu la nyuklia, na lile la miale ya chembe, yaani ya vipande vidogo vya maada badala ya mwanga. Chembe zenye chaji husukumana zenyewe na hupindwa na usumaku wa dunia, ndiyo maana wakajaribu atomi zisizo na chaji. Jaribio moja lilirushwa kwa roketi Julai 1989, likafanya kazi, likaishia hapo. Hewa inazimeza chembe kabla hazijaenda mbali.

Kilichobadilisha mambo ni kiwanda cha kuchomelea vyuma. Leza za nyuzi za kioo, za ukoo mmoja na faiba za intaneti, zilitengenezwa kwa ajili ya kukata mabati na kuunganisha bodi za magari. Wimbi lake ni maikroni 1.07 na zinakula umeme tu. Mwaka 2014 Jeshi la Majini la Marekani liliweka kwenye meli ya USS Ponce, katika Ghuba ya Uajemi, leza sita za namna hiyo zilizonunuliwa sokoni, miale yake ikilengwa sehemu moja: jumla kilowati 30. Jambo linalosahaulika ni kwamba mabaharia waliipenda zaidi kama darubini. Kioo kinachoweza kulenga mwale kinaweza pia kuona, na waliitumia kutambua vyombo vya mbali mchana na usiku.

Sasa tupige hesabu ya kuchoma. Chukua leza ya kilowati 50, kioo cha sentimita 30, shabaha kilomita 5. Kanuni inatoa doa la sentimita 4.4, lakini mwale halisi haufiki ukiwa safi. Usafi wa leza yenyewe, hewa inayocheza na mtikisiko wa mlingoti vinalitanua. Mtikisiko wa sehemu 10 tu za milioni ya radiani, pembe ambayo jicho haliwezi kuiona, unalihamisha doa sentimita 5. Mhandisi wa hali ya juu ataridhika na doa la sentimita 10. Tuseme hewa imekula asilimia 40, zimefika kilowati 30: ni wati 380 kwa sentimita ya mraba. Bati la alumini la milimita 1 linahitaji kama jouli 260 kwa kila sentimita ya mraba ili lipate moto na kuyeyuka. Rangi yake ikifyonza nusu ya mwanga, ni sekunde 1.4. Bawa la plastiki au la nyuzi za kaboni halifiki hata huko, kwa sababu gundi inalegea na hewa inayopita inamalizia kazi.

Sasa lifanye doa sentimita 20 badala ya 10. Eneo limekuwa mara nne, muda umekuwa mara nne, na kibaya zaidi, joto sasa linapata nafasi ya kusambaa pembeni na kupozwa na upepo. Kuna kiwango ambacho chini yake unaipasha droni joto tu, na itakufikia ikiwa imechangamka. Kwa hiyo habari inayotaja kilowati bila ubora wa mwale wala kipenyo cha kioo ni sawa na kutaja uzito wa bondia bila kusema kama anajua kupiga.

Ndiyo maana pia huwezi kuchukua faiba moja ukaijaza kilowati 100. Ukipita kilowati 10 hivi ndani ya uzi mwembamba kuliko unywele, mwanga unaanza kurudi nyuma au kuvunjika kuwa mikondo inayogombana, na mwale unaharibika. Suluhisho lililoshika ni kuzipa nyuzi nyingi rangi zinazotofautiana kidogo sana, kisha kuzikutanisha kwenye kioo chenye mistari midogo kinachofanya kinyume cha upinde wa mvua: rangi nyingi zinaingia, mwale mmoja unatoka. Leza ya HELIOS, ya kilowati 60, iliyofungwa kwenye meli ya USS Preble, ni ya ukoo huo.

Hewa ni adui wa pili, na ndiyo sehemu ambayo hata wahandisi huijutia wakiwa wamechelewa. Ukungu na mvua mnavijua. Vumbi na chumvi ya bahari vinatawanya mwanga, na mvuke wa maji unaufyonza kwenye urefu fulani wa wimbi. Ndiyo sababu wanachagua wimbi linalopita kwenye "dirisha" la hewa. Lakini kuna kitu kinaitwa kuchanua kwa joto. Mwale unapasha kidogo hewa unayopitia. Hewa yenye moto inakuwa nyepesi katikati ya mwale kuliko pembeni, na hewa ya namna hiyo inageuka lenzi inayotawanya. Ukiongeza nguvu, lenzi inakuwa kali zaidi. Ukipita kiwango fulani, kilowati unazoongeza zinapunguza kinachofika. Upepo wa kukatiza unasaidia kwa kuiondoa hewa iliyopata moto, na shabaha inayopita ubavuni inasaidia kwa sababu mwale unafagia hewa mpya. Hali mbaya kabisa ni siku tulivu yenye unyevu, shabaha ikikujia usoni moja kwa moja. Bahati mbaya ndivyo kombora la kuzamisha meli linavyokuja.

Kuna vioo vinavyojipinda mara mamia kwa sekunde, vikisahihisha hewa inayocheza, mbinu iliyotoka kwa wanajimu wa darubini kubwa. Vinasaidia sana kwa hewa inayochezacheza, kidogo kwa hewa iliyochanua.

Adui wa tatu ni joto la mashine yenyewe. Leza ya kilowati 60 inakula kilowati 180 hivi na kubakisha kilowati 120 za joto tupu ndani ya kabati lake, kama pasi 120 zilizowashwa kwa pamoja. Baharini unayo maji. Jangwani, juu ya gari, huna. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilipeleka Mashariki ya Kati mwaka 2024 leza za kilowati 50 juu ya magari ya Stryker, na yaliyoonekana uwanjani hayakulingana na ya maabara. Hapo ndipo msemo "risasi zisizoisha" unapoumbuka: risasi zako zinaisha pale betri inapoisha au maji ya kupozea yanapojaa joto, kisha unasubiri. Ukisoma mkataba wa mfumo kama huu, tafuta mahali wanapotaja sekunde za kuwaka na dakika za kupumzika. Wasipotaja, ulizia.

Kuhusu droni ya kioo: wazo si la kipuuzi, ila halimalizi mchezo. Alumini safi iliyong'arishwa inaweza kurudisha asilimia 95 ya mwanga wa maikroni 1, ikifyonza 5. Dhidi ya rangi inayofyonza 50, umejipatia muda mara kumi. Mwanzoni. Kisha mdudu, alama ya kidole, mafuta ya injini au punje ya mchanga inafyonza, inachoma, inaacha kovu jeusi, na kovu linafyonza zaidi. Chuma chenyewe kikipata moto hufyonza zaidi kuliko kilipokuwa baridi. Na lenzi ya kamera lazima ipitishe mwanga, vinginevyo droni ni kipofu. Huko ndiko mwale utaelekezwa.

Utaniuliza: mbona kioo cha silaha yenyewe hakiungui? Kwa sababu mbili. Kimepakwa tabaka nyingi nyembamba zilizopimwa kwa wimbi hilo moja, kinafyonza chini ya sehemu moja ya elfu ya mwanga, na kinatunzwa kuliko mboni ya jicho. Tena juu yake mwale umesambaa sentimita 30 nzima: kilowati 50 zinakuwa wati 70 kwa sentimita ya mraba, na zinazofyonzwa hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya wati. Shabaha inapokea ule ule mwanga ukiwa umebanwa. Vumbi likitua kwenye kioo cha silaha, nacho kinaweza kupasuka.

Kujizungusha kunasaidia zaidi kuliko kung'aa, maana joto linagawanyika kuzunguka mwili. Kinachosaidia kuliko vyote ni kuja wengi kwa wakati mmoja, na hapo tunarudi kwenye Bahari ya Shamu.

Leza inashughulika na mmoja mmoja. Droni ya mwendo wa mita 50 kwa sekunde ikianza kupigwa kwenye kilomita 5, una sekunde 100. Sekunde 5 za kuchoma, 3 za kuhamia inayofuata na kuhakikisha: droni 12, siku ikiwa nzuri. Kombora la mita 300 kwa sekunde linakupa sekunde 17, na hata ukilipasua likiwa limebaki na kilomita moja, vipande vyake vinaendelea na safari kuja kwako. Kombora la kujihami, kwa upande mwingine, linakwenda makumi ya kilomita, kwenye mvua, na kulinda meli ya mizigo iliyo upande wa pili wa upeo wa macho. Nahodha mwenye mabaharia mamia hachagui silaha kwa bei ya umeme. Pia leza zenyewe zilikuwa chache mno: meli nyingi zilizokuwa kule hazikuwa na leza ya kuchoma kabisa, ingawa baadhi ya manowari za Marekani zina ODIN, leza dogo la kupofusha kamera za droni. Kupofusha kamera kunahitaji nguvu ndogo mno kuliko kutoboa bati, na kunafanya kazi mbali zaidi. Kazi hiyo ya unyonge, kwa maoni yangu, ndiyo leza inayoifanya vizuri kuliko zote leo. Lakini zimeanza kuchoma kwa kweli: Mei 2025 Israeli ilisema leza zake zenye nguvu ndogo kuliko Iron Beam, leza yake kubwa ya kulinda anga, ziliangusha droni za Hezbollah wakati wa vita.

Kwa makundi makubwa kuna ndugu yake, mawimbi ya mikrowevu. Hapa kanuni ileile inageuka faida. Wimbi la sentimita 10 kutoka kwenye antena ya mita 2 linatanuka nyuzi saba, yaani mita 120 hivi za upana kwenye kilomita moja. Huwezi kuchoma chochote kwa doa la mita 120, ila huhitaji kuchoma. Kila waya na njia ya shaba kwenye saketi ya droni inageuka antena, inazaa volti ambazo chipu haikutengenezwa kuzibeba, na droni inaanguka kama embe bovu, pamoja na wenzake wote waliokuwa ndani ya mwale. RapidDestroyer ya Uingereza inakadiriwa kutumia senti 10 za pauni kwa pigo, na umbali wake ni kama kilomita moja. Ufupi huo ndio ugonjwa wake: umbali ukiwa mara mbili, nguvu inayofika ni robo. Tena haichagui, redio ya rafiki aliyesimama mbele ya antena inakufa pia. Na huoni kilichotokea, kwa sababu droni haitoi moshi, unasubiri uone kama itaanguka. Usiichanganye na ule mtambo wa gigahezi 95 wa kutawanya watu, ambao unapenya ngozi kwa sehemu ya milimita tu na kuleta hisia ya moto. Ulipelekwa Afghanistan mwaka 2010 ukarudishwa bila kutumika.

Neno moja kuhusu macho. Mwanga wa maikroni 1 hauonekani, lakini lenzi ya jicho inaupitisha na kuukusanya kwenye retina, hata ukiwa umerudi kutoka kwenye bati linalong'aa. Itifaki ya Nne ya mkataba wa silaha za kawaida, iliyopitishwa Vienna mwaka 1995, inakataza leza zilizobuniwa mahsusi kupofusha watu daima. Na mwale uliokosa shabaha hauanguki chini kama risasi, unaendelea. Marekani ina ofisi inayokagua kama kuna satelaiti kwenye njia hiyo kabla ya majaribio kuanza.

Basi Lahaina. Sitakudanganya kwamba nishati ya kuwasha paa ni kubwa, maana si kubwa. Wati chache kwa sentimita ya mraba zinatosha kwa mbao kavu. Satelaiti yenye kioo cha mita 1.5 ikiwa kilomita 500 juu ingehitaji kurusha makumi ya kilowati za mwanga, yaani kuzalisha umeme kwa kiwango cha Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu pamoja na paneli zake zote, na kutupa joto la ziada mahali pasipo hewa wala maji. Kitu cha ukubwa huo kinaonekana kwa macho usiku. Tena kwenye kimo hicho kinakatiza anga lako kwa takriban dakika 10 na kupotea, ilhali moto wa Lahaina wa tarehe 8 Agosti 2023 ulianza asubuhi kwenye nyaya za umeme zilizokatwa na upepo, ukadhaniwa umezimwa, ukaamka mchana. Hata rangi ya mwale kwenye picha inajisuta: leza za kazi hii hazionekani. Na zile paa za buluu zinazosemwa "zilinusurika kwa sababu leza haichomi buluu" hazithibitishi kitu, kwani rangi tunayoiona kwa macho haituambii jinsi paa linavyofyonza mwanga wa maikroni 1. Mojawapo ya picha zilizozungushwa sana ni roketi ya Falcon 9 ikipaa kutoka California Mei 2018, iliyopigwa kwa kuacha kamera wazi muda mrefu, ndiyo maana njia yake inaonekana kama mstari mmoja wa moto. Hata ukiitazama vizuri, mstari ule unapinda. Mwale wa leza haupindi hivyo.